Ukumbusho Ukutani: Picha na Maelezo Yake katika Miji ya Kongo

Katika mji wa Goma, Kivu ya Kaskazini, ipo sanamu ya mtu anayesukuma chukudu, iliyozinduliwa mwaka 2009. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, ambacho wakulima wa Kibumba na vijiji jirani hukitumia kuteremshia mazao hadi masoko ya mjini. Sanamu hiyo ni kumbukumbu ya hadharani, iliyowekwa barabarani kwa ajili ya wote. Lakini nchini Kongo imekuwapo pia namna nyingine ya kuonyesha picha za watu na matukio, isiyohitaji uwanja wala ukumbi. Picha ilitundikwa sebuleni, na kila mgeni aliyekaribishwa akawa mtazamaji.

Mfano unaojulikana zaidi watoka mbali kusini, katika Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba. Huko, katika miaka ya 1970, wachoraji ambao wengi wao hawakusomea sanaa chuoni walipaka rangi juu ya kitambaa cha magunia ya unga kilichowambwa kwenye fremu ya mbao. Wanunuzi wao walikuwa wafanyakazi, makarani na watu wengine wa kawaida. Mada zilijirudia: mamba muntu, yaani mwanamke mwenye mkia wa samaki ampaye mtu utajiri kwa masharti magumu, au mfungwa aliyelazwa chini akichapwa na askari Mwafrika, huku ofisa Mbelgiji akitazama. Picha za aina hii ziliitwa ukumbusho.

Neno hilo lafaa kuchunguzwa. "Kumbukumbu" yatokana na kitenzi "kumbuka", tendo ambalo mtu aweza kulitenda peke yake moyoni. "Ukumbusho" watokana na "kumbusha", kitenzi cha kusababisha, nacho chadai watu wawili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Kwa hiyo picha ya ukumbusho haikuwa pambo tu. Kazi yake ilikuwa kuanzisha mazungumzo. Mwenye nyumba aliieleza, mgeni akaongeza aliyoyasikia kwa wazee wake, na watoto wakasikiliza.

Aliyeikamilisha kazi hiyo ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Yeye alijiita mwanahistoria. Kati ya 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zipatazo mia moja za historia ya nchi yake, tangu enzi za mababu hadi utawala wa Mobutu, akazieleza moja baada ya moja kwa Kiswahili mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeyarekodi mazungumzo hayo. Katika picha ya kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, nyuma ya maiti yaonekana misalaba mitatu. Mtazamaji aweza kuiona misalaba hiyo bila msaada. Lakini kwamba mchoraji alimlinganisha Lumumba na Yesu kwa makusudi, na kwa sababu zipi, hayo yamo katika maelezo yake. Habari za Tshibumba zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitabu cha Fabian kilichapishwa mwaka 1996.

Picha nyingi za wakati huo zimekwisha kununuliwa na kupelekwa Ulaya. Ukutani mwa jumba la makumbusho picha huwa na jina na mwaka tu. Yule aliyezoea kuieleza hayupo. Za Tshibumba zimesalimika pamoja na sauti yake kwa kuwa kulikuwa na kinasa sauti. Nyingine zimebaki bubu.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, jambo hili si la historia ya sanaa pekee. Kibumba ilikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi mwaka 1994. Volkano ya Nyiragongo iliunguza sehemu za Goma mwaka 2002, na mwaka 2021 ikateketeza nyumba nyingi pembezoni mwa mji huo. Mambo ya kukumbushana hayapungui. Kila picha inayochorwa juu yake yastahili kukusanywa pamoja na Kiswahili kinachosemwa mbele yake, wakati wasemaji wangali hai.