Kwa nini michezo ya video ya njozi hufanana

ANAYEFUNGUA mchezo mpya wa video wa njozi hukutana mara nyingi na sura zilezile: vibete wenye ndevu na mashoka, viumbe wembamba wa msituni wenye masikio yaliyochongoka, mazimwi yenye meno ya nje, na joka linalolinda dhahabu pangoni.

Wengi wao wanatoka katika ngano za kale za kaskazini mwa Ulaya. Aliyewapanga wakawa mataifa yenye lugha na historia zao ni mwandishi wa Uingereza, J.R.R. Tolkien, katika The Lord of the Rings, iliyochapishwa mwaka 1954 na 1955.

Hata hivyo, Tolkien hakuandika kanuni za mchezo. Kazi hiyo ilifanywa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, ambao mwaka 1974 walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi na dadu. Humo kila jambo lilipewa namba: nguvu, akili, majeraha, hata ngazi anayopanda shujaa kadiri anavyoshinda maadui.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kompyuta haijui ngano, inajua hesabu, na mchezo huo ulikwisha kuigeuza ngano kuwa hesabu. Wizardry ya mwaka 1981 ilitumia kanuni za aina hiyo kwenye kompyuta. Wajapani walioipenda wakatengeneza Dragon Quest mwaka 1986; mwaka uliofuata Final Fantasy ikaazima hata baadhi ya mazimwi ya Dungeons & Dragons. Nakala ikazaa nakala.

Si uvivu mtupu. Mchezaji akimwona kibete mwenye shoka hahitaji kuelezwa lolote. Dunia ngeni kabisa hudai maelezo, nayo maelezo huchosha. Tena mchezo mkubwa hugharimu makumi ya mamilioni ya dola na miaka kadhaa ya kazi, hivyo mwenye fedha hupendelea kilichokwisha kuuzika.

Wapo waliothubutu. Mwaka 2016 Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion, njozi yenye asili ya Kiafrika. Aprili 2024 ikafuata Tales of Kenzera: Zau ya Surgent Studios, iliyoanzishwa na mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Ni kisa cha kijana mganga anayemwendea mungu wa mauti kumdai baba yake, kilichotokana na msiba wa Salim mwenyewe. Kimejengwa juu ya mila za Kibantu, na sauti zake zinapatikana kwa Kiswahili.

Lakini hata humo, kuruka, kupigana na kujiongezea uwezo ni mambo ambayo mchezaji mzoefu ameyaona kwingine. Kilichobadilika ni hadithi. Mifupa ni ileile.

Mwaka huohuo studio hiyo ilipunguza wafanyakazi, kisha ikatangaza kuwa inatafuta wafadhili wa mchezo unaofuata.