Maneno ya Mshauri Yanaponya? Tupime Ndipo Tuseme

Mtu akiugua malaria, akanywa dawa, baada ya siku tatu homa imeshuka na kila mmoja nyumbani anaona. Lakini mama aliyefiwa na mumewe, asiyelala wala kula, ambaye kila aingiapo shambani huketi juu ya mpini wa jembe akitazama mbele bila kuona kitu, tukimpeleka zahanati akazungumza na mshauri kwa majuma kadhaa, tutajuaje kwamba amepona? Je, yatosha kwamba leo amecheka? Huenda swali hili likaonekana dogo kwa mfanyakazi wa mjini. Hata hivyo wengi wetu tunao wazazi na ndugu huko Ngara, Biharamulo na kwingineko, na kwao zahanati ndiyo hospitali ya kila siku.

Ngara ina historia nzito katika jambo hili. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani humo. Warundi nao walihifadhiwa katika kambi ya Lukole. Wataalamu waliochunguza hali ya wakimbizi wa nchi hizo mbili, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000, walikadiria kwamba nusu yao walikuwa na matatizo makubwa ya akili. Hiyo ilikuwa hesabu ya walioumia. Hesabu ya waliopona ni ngumu zaidi, kwa kuwa inataka mtu yule yule atafutwe na kuulizwa tena.

Mfano ulio bora uko ng'ambo ya mpaka, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda. Rakai inapakana na mkoa wetu wa Kagera. Watafiti waliofanya kazi huko mwaka 2002 hawakutegemea majina ya vitabuni peke yake. Wanavijiji waliwatajia kwa Kiganda maradhi mawili ya moyo: moja la kujichukia, jingine la kujihurumia. Kisha wakaeleza kazi ambazo mtu mzima mwenye afya hutazamiwa kuzifanya: kulima, kupika, kulea watoto, kujitunza mwili, kushiriki mazishi. Mambo hayo nayo yakaingizwa katika kipimo. Hapo ndipo ninapowasifu hasa, maana mtu wa kwetu akiacha kwenda msibani, jirani hahitaji daktari wa kumwambia kwamba mambo yameharibika.

Vijiji 30 vilichaguliwa. Katika nusu yake wagonjwa walikutana kwa vikundi mara moja kwa juma, dakika 90, majuma 16, wakiongozwa na mwenyeji aliyefundishwa kwa wiki mbili tu. Kabla ya mikutano asilimia 86 walikuwa na sonona. Baadaye ikabaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyokuwa na mikutano walianza asilimia 94, wakabaki asilimia 54.7.

Naomba msomaji aitazame hesabu hiyo ya pili kwa makini. Watu wengi walipata nafuu bila ya mikutano ile! Muda ulipita, pengine jamaa walikuja kuwatazama, maisha yakaendelea. Laiti watafiti wangewahesabu wale wa vikundini pekee, wangejipa sifa isiyo yao. Faida ya kweli ni ile tofauti baina ya pande mbili, nayo ilikuwa kubwa. Tena miezi sita baadaye walirudi kupima, wakakuta asilimia 11.7 upande mmoja na 54.9 upande wa pili.

Zahanati haiwezi kufanya utafiti wa namna hiyo, wala haitakiwi. Yaweza kutumia karatasi ya maswali tisa, inayojulikana duniani tangu mwaka 2001. Huuliza hali ya majuma mawili yaliyopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 na kuendelea zataka uchunguzi zaidi. Zikishuka kwa 5 hiyo ni nafuu ya kweli. Swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, halingoji jumla: jibu lake hushughulikiwa siku hiyo hiyo.

Shida iko kwenye daftari. Mama aliyeacha kuja huenda amepona, huenda amezidiwa, nalo daftari halisemi. Basi tukiwahesabu wanaorudi tu, kila mpango utaonekana umefaulu. Aidha si vema mshauri aliyetibu ndiye apime, watu wetu wana adabu, watamjibu, "Nimepona, mwanangu, asante." Afadhali mwingine aulize, tena kwa Kihangaza au Kishubi pale inapobidi, kwa kuwa neno "sonona" halijafika katika kila kaya.

Nawe msomaji, ukienda likizo nyumbani, usimwulize mgonjwa wako anajisikiaje. Mwulize amelima wapi msimu huu, anapika nini, na mara ya mwisho alikwenda kumzika nani.