Emoji ya kiti cha magurudumu: Ishara ya mahali si picha ya mtu

Miongoni mwa emoji tunazotumiana katika simu, ile ya kiti cha magurudumu hutumiwa visivyo mara nyingi. Wengi hudhani ipo moja tu, na kwamba maana yake ni "mlemavu". Hakika ni kwamba zipo za aina zaidi ya moja, na kazi zake hazifanani.

Ya kwanza ni ule mraba wa samawati wenye mchoro mweupe. Mchoro huo ulibuniwa mnamo 1968 na Susanne Koefoed, mwanafunzi wa usanifu kutoka Denmark. Ajabu ni kwamba haukuwa na kichwa. Karl Montan ndiye aliyekiongeza, ndipo kiti kikaonekana kuwa na mtu. Ishara hii huelezea mahali: mlango usio na ngazi, choo chenye nafasi ya kugeuzia kiti, pa kuegesha gari. Kwa hivyo anayemwandikia mwenzake "tukutane mkahawani" na kuambatisha mraba huo amempasha habari muhimu, kwamba ataingia bila kubebwa.

Ya pili ni picha ya mtu mwenyewe, mwanamke au mwanamume, akiwa katika kiti cha kusukuma kwa mikono au cha umeme. Picha hizi ziliidhinishwa mwaka wa 2019, baada ya kampuni ya Apple kuzipendekeza mnamo 2018. Zote zilielekea kushoto, na kwetu sisi tusomao kuelekea kulia, mtu huyo alionekana kana kwamba anarudi alikotoka! Za kuelekea kulia ziliongezwa 2023.

Utata huzuka pale vijana wanapomtumia mwenzao ule mraba wa samawati kwa kuwa ameshindwa mchezoni au amejibu ovyo. Hapo ishara ya mlango hugeuzwa tusi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha.

Tusiilaumu simu peke yake, lakini. Kiswahili chenyewe kilikwisha kutupa kiwete, kipofu na kiziwi, maneno yenye kiambishi kile kile cha kiti na kijiko, kabla ya "mtu mwenye ulemavu" kuanza kushika mahali pake magazetini.