Maneno ya Kiingereza Yanayotudanganya

Mwezi huu tuongee juu ya maneno ya Kiingereza yanayofanana na ya Kifaransa, lakini maana ni nyingine kabisa. Wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tulisoma kwa Kifaransa. Tukiona neno lenye sura ile ile tunalishika haraka bila kuuliza, na hapo ndipo matatizo yanaanza.

Kufanana huku kuna historia yake. Mwaka 1066 Wanormandi, waliokuwa wakisema Kifaransa, waliiteka Uingereza wakaitawala. Maneno mengi ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza. Lakini miaka imepita mingi, na kila lugha imelipeleka neno kwa njia yake.

Neno la kwanza ni "assist". Kwa Kifaransa, "assister à" ni kuhudhuria au kushuhudia jambo. Kwa Kiingereza, "assist" ni kusaidia. Sasa fikiria mtu yuko kwenye mahojiano, anaeleza yaliyotokea kijijini kwake. Anataka kusema aliliona shambulio kwa macho yake. Akisema "I assisted the attack", anayemsikiliza ataelewa kwamba aliwasaidia washambuliaji! Shahidi amegeuka mshitakiwa kwa neno moja tu. Aseme "I saw the attack", inatosha.

La pili ni "parents". Kwa Kifaransa ni baba na mama, na pia laweza kuwa jamaa wengine. Kwa Kiingereza ni baba na mama basi. Kama kwenye fomu uliandika kwamba wazazi walifariki, halafu unasema una "parents" Bujumbura ukimaanisha shangazi na binamu, maelezo yako yanapingana. Utaonekana unadanganya, kumbe hapana. Jamaa ni "relatives".

La tatu ni "demand". Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba au kuuliza. Kwa Kiingereza "demand" ni kudai kwa nguvu. Barua inayoanza na "I demand help" ni kama kugonga meza ya mkubwa. Andika "I ask for help" au "I request help".

La nne ni la zahanati. "Médecin" kwa Kifaransa ni daktari, lakini "medicine" ni dawa. Daktari ni "doctor".

Tusilaumu Kifaransa peke yake, maana hata Kiswahili chetu kinatuponza. Sisi tunasema "yeye" kwa mwanamume na mwanamke. Kwa Kiingereza mwanamume ni "he" na mwanamke ni "she". Mama akimtaja binti yake kwa "he", karani anaweza kufikiri kuna mtoto mwingine wa kiume ambaye hakuandikishwa. Pia sisi tunasema "kuazima" kwa anayetoa na anayepokea. Wao, anayetoa ni "lend", anayepokea ni "borrow".

Basi tufanye nini?

1. Tumia maneno mafupi unayoyajua vizuri. Hakuna anayepewa maksi kwa Kiingereza kwenye mahojiano.

2. Hujaelewa swali? Omba lirudiwe. Si aibu.

3. Omba mkalimani wa lugha unayoisema vizuri, hata kama Kiingereza unakijua kidogo. Ukiona mkalimani hakuelewi, sema hapo hapo, usingoje kurudi nyumbani.

4. Kabla ya kumaliza, omba usomewe yaliyoandikwa, na urekebishe palipo na kosa.

Na nyinyi wazazi, tunajua watoto wanashika Kiingereza haraka kuliko sisi. Wafundisheni na nyinyi mfundishwe nao. Lakini msimfanye mtoto kuwa mkalimani wa mambo mazito ya familia. Atabeba maneno makubwa kuliko umri wake, na akikosea, ni faili la nyumba nzima linaloharibika.

Kama kuna neno lililokusumbua ofisini au zahanati, liandike kwenye karatasi ulilete shuleni. Tutalieleza kwenye ukurasa huu mwezi ujao.