Sosholojia Chuo Kikuu: Wanasoma Nini, na Imani Inabaki Wapi?



Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na vyuo vikaanza kupokea maombi, wazazi parokiani hutuletea swali lilelile: mtoto anataka kusoma sosholojia, hicho ni kitu gani, na ataajiriwa wapi? Mafrateri nao wana swali lao, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: je, somo linaloeleza dini kana kwamba ni zao la jamii haliwezi kumnyang'anya mtu imani? Tutagusa yote mawili, ila la pili tutalikalia zaidi kwa sababu ndilo zito.

Sosholojia ni elimu inayochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, katika familia, ukoo, kijiji, mji, kazi, dini na utawala. Jina lake lilienezwa na Mfaransa Auguste Comte katika karne ya 19. Comte aliamini kwamba sayansi ingechukua nafasi ya dini, kisha akaishia kuanzisha dini yake ya ubinadamu, yenye kalenda ya watu wa kuheshimiwa kama sisi tulivyo na kalenda ya watakatifu. Inaonekana kuikimbia dini hakukuwa kwepesi kama alivyodhani.

Mtu anaweza kusema: mambo ya jamii sisi sote tunayajua, kwani tunaishi wapi? Ni kweli. Lakini tuchukue mfano wa hapa hapa kwetu. Paroko anaona kwamba katika kigango kimoja watu wengi wanaishi pamoja miaka na miaka, wana watoto, wanakuja kanisani, lakini hawapokei Komunyo kwa kuwa hawajafunga ndoa. Maelezo ya haraka ni kwamba imani imepoa, au vijana wa siku hizi hawataki kufungwa. Huenda ni hivyo. Mwanafunzi wa sosholojia hufundishwa kutoridhika na "huenda". Atauliza ni watu wangapi, wa rika gani, mahari imefikia wapi, na nani katika ukoo mwenye neno la mwisho. Anaweza kukuta kwamba mume hajamaliza mahari na wazee wa upande wa mke hawajaridhia. Anaweza kukuta pia kwamba kufunga ndoa kanisani kwenyewe hakuna gharama kubwa, lakini hakuna anayethubutu kufunga ndoa bila kamati, kadi za michango, kicheni pati, sendofu na ukumbi. Mtu anaona aibu kutoka kanisani Jumamosi asubuhi na kurudi nyumbani kula wali na majirani.

Aibu hiyo haikutungwa na bwana harusi. Ameikuta, inambana, na akijaribu kuipuuza atasikia maneno. Mfaransa mwingine, Émile Durkheim, ndiye aliyesisitiza kwamba vitu vya namna hii, vilivyo nje ya mtu mmoja na vyenye nguvu ya kumsukuma, ndivyo hasa somo hili linapaswa kuvichunguza. Na ukishauona mzigo ulipo, hata uchungaji unabadilika. Homilia juu ya uzinzi hailipi mahari. Lakini parokia zinazofungisha ndoa nyingi siku moja, bila shamrashamra, zimeigusa aibu yenyewe: wote wanaingia bila ukumbi, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Durkheim huyo huyo aliandika mwaka 1897 kitabu juu ya kujiua, na karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana nacho. Alichukua takwimu za nchi za Ulaya akaona kwamba maeneo ya Waprotestanti yalikuwa na vifo vya namna hiyo vingi kuliko maeneo ya Wakatoliki. Tofauti haikutoka katika mafundisho, kwa maana pande zote mbili zinakataza. Yeye alisema imetoka katika nguvu ya jumuiya: mahali ambapo watu wamefungamana zaidi katika ibada na maisha, mtu haachwi peke yake na uchungu wake. Mkatoliki akisikia hivyo hufurahi, na hapo ndipo mwalimu mzuri humsimamisha. Takwimu zilitoka wapi? Kwa maafisa walioandika sababu za vifo. Na katika maeneo ambako kujiua kulionekana fedheha kubwa, na marehemu angeweza kunyimwa mazishi ya Kanisa, je, familia na maafisa hawakuwa na sababu ya kuandika jambo jingine? Wakosoaji wameliuliza swali hilo kwa muda mrefu. Wameuliza pia kama takwimu za mkoa mzima zinaweza kutuambia lolote kuhusu mtu mmoja mmoja aliyemo ndani yake. Tunaona zoezi hili lina thamani kuliko jibu lenyewe, maana linamfundisha kijana kutilia shaka hata takwimu inayolisifu Kanisa lake.

Sasa lile swali la mafrateri. Mwaka 1912 Durkheim alitoa kitabu kingine, juu ya dini, na humo alidai kwamba watu wanapoabudu, nguvu wanayoihisi kuwa juu yao kwa kweli ni jamii yao wenyewe. Karl Marx alikwisha kuiona dini kama faraja inayowatuliza wanaokandamizwa. Max Weber alikwenda njia tofauti: mwaka 1904 na 1905 aliandika kwamba imani ya Wakalvini ilisaidia kuzaa moyo wa ubepari, yaani dini nayo inaweza kusukuma uchumi, si kusukumwa tu. Frateri anayesoma haya kwa mara ya kwanza anaweza kukosa usingizi.

Mwanasosholojia Peter Berger, ambaye alikuwa Mlutheri, alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1967. Alisema mwanasosholojia kazini huchunguza dini kana kwamba Mungu hayumo kwenye hesabu, na hiyo ni njia ya kufanyia kazi, si tamko kwamba Mungu hayupo. Daktari anayepima damu ya mtakatifu haoni utakatifu kwenye darubini. Hajakosea. Atakosea siku atakapotangaza kwamba, kwa kuwa hakuuona, haupo. Durkheim anaposema kwamba ibada huwaunganisha watu, anasema kitu tunachokiona kila Jumapili. Anaposema kwamba ibada si kitu kingine zaidi ya hapo, amevuka mpaka wa takwimu zake, na anayesoma falsafa seminarini anazo zana za kumwonyesha alipovukia.

Hata hivyo hatutaki kulifanya jambo liwe jepesi mno. Kwa maoni yetu, hatari iliyopo haitoki sana kwenye hoja za vitabuni. Inatoka kwenye mazoea. Kijana akikaa miaka mitatu akieleza sala, ubatizo na mazishi bila kumtaja Mungu hata mara moja, ulimi huzoea, na baada ya ulimi moyo. Ndiyo maana tunawahimiza wanaosoma fani hii wasiache jumuiya yao, wapate padre wa kuzungumza naye chuoni, na wavisome vitabu vya akina Durkheim vyenyewe badala ya muhtasari wa kurasa mbili unaopita kwenye simu. Muhtasari hutisha kuliko kitabu.

Kanisa lenyewe halikuikimbia elimu hii. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema katika Gaudium et Spes namba 62 kwamba uchungaji utumie pia matokeo ya elimu za kidunia, na ukazitaja saikolojia na sosholojia. Optatam Totius, hati juu ya malezi ya mapadre, nayo inazitaja. Kabla ya hapo, Ufaransa, msomi wa sheria za Kanisa Gabriel Le Bras alihimiza mwaka 1931 kwamba mahudhurio ya waamini yachunguzwe parokia kwa parokia. Padre Fernand Boulard akaifanya kazi hiyo kwa miaka, na mwaka 1947 ikatoka ramani ya vijiji vya Ufaransa iliyoonyesha mahali watu wanaposali kweli, mahali wanapokuja kwa ubatizo, ndoa na mazishi tu, na mahali palipogeuka kuwa nchi ya misheni. Baadaye, mwaka 1986, mwanahistoria Timothy Tackett alionyesha kwamba sehemu zenye waamini wachache kwa kiasi kikubwa zilikuwa zilezile ambako mwaka 1791 mapadre wengi walikubali kula kiapo cha Mapinduzi. Paroko wa miaka ya 1940 aliyejilaumu kwa kanisa tupu alikuwa amerithi jambo la miaka 150.

Tukirudi kwa wazazi. Shahada hii huchukua miaka mitatu Tanzania na minne Kenya. Kuna nadharia, mbinu za utafiti, takwimu (wengi huziogopa, na ndizo zinazowapatia kazi), masomo ya familia, maendeleo, vijijini na mijini, mafunzo kwa vitendo, kisha utafiti mdogo mwaka wa mwisho. Hufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na pia katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, kilichokua kutoka taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoanzishwa Nyegezi mwaka 1960. Wahitimu huomba kazi za maendeleo ya jamii katika halmashauri, mashirika yasiyo ya kiserikali, ofisi za Caritas na miradi ya utafiti. Ajira si ya uhakika, tusidanganyane. Anayejua kuchambua takwimu na kuandika ripoti safi hupata mlango haraka kuliko mwenye cheti peke yake.

Na kwa anayetafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho, kazi ipo karibu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, lakini haikuuliza dini. Mara ya mwisho swali hilo kuulizwa ilikuwa 1967. Kwa hiyo anayetaka kujua waamini wa parokia ni wangapi anabaki na daftari la ubatizo, ambalo lina majina ya waliohamia Dar es Salaam zamani na halina ya waliohamia hapa wakabatizwa kwingine. Chukua jumuiya tatu tu. Omba kibali cha chuo na cha paroko, linganisha daftari na nyumba zilizopo, halafu uwaulize wasiokuja, si wanaokuja, kwa nini hawaji.