Mwalimu Mkuu, Usiombe Kontena

Kila muhula ukifunguliwa, swali hurudi. Mwalimu mkuu wa shule ya Moiben, au Turbo, au ya papa hapa Langas, Eldoret, ananiomba nimtafutie mfadhili wa vitabu ng'ambo, na ikiwezekana mfadhili huyo aje na vijana wawili watatu wa kujitolea watakaomfungulia maktaba. Kutoka upande wa pili naandikiwa na kijana wa Uingereza, au Mkenya mwenzetu aliyeko Minnesota: ana masanduku ya vitabu, ana wiki mbili za likizo mwezi wa Agosti, anatafuta shule. Ukiwakutanisha hawa watafurahiana sana. Wageni wakishaondoka, shule itabaki na chumba chenye kufuli mlangoni.

Mimi ni mkutubi, na jibu langu halibadiliki. Kabla ya kuuliza vitabu vitatoka wapi, niambie ni nani atakayekifungua hicho chumba Jumanne saa saba mchana, mwaka ujao. Hapo mazungumzo hupoa. Wengi huondoka wakiniona nina roho mbaya, kwa kuwa nimegusa imani ambayo watu wetu wameishika kama amri: eti kitabu chochote ni bora kuliko kukosa kitabu.

Imani hiyo imeua maktaba nyingi kuliko mchwa.

Fungua sanduku la kawaida la vitabu vilivyookotwa kwenye magereji na stoo za shule huko ng'ambo. Mna vitabu vya kiada vya historia ya jimbo la Texas, rundo zima la nakala zilezile. Mna mwongozo wa Windows 95, maelezo ya kujaza fomu za kodi za Marekani, riwaya za mapenzi ambazo mwalimu ataziondoa haraka kabla watoto hawajaziona. Mna ensaiklopidia inayoonyesha Umoja wa Kisovyeti, uliovunjika 1991, na isiyoijua Sudan Kusini, iliyopata uhuru 2011. Kitabu cha sayansi kinamwambia mtoto wa Gredi ya 6 kwamba Pluto ni sayari ya tisa, ilhali wanaastronomia waliiondoa katika hesabu hiyo mwaka 2006. Mtoto ananakili, mwalimu anamtia kosa, mtoto anajitetea kwamba amesoma maktabani. Siku hiyo maktaba imeshindwa mbele ya mtoto aliyeiamini.

Wengine hawafiki hata hapo. Mtoto huvuta kitabu kimoja, cha pili, cha tatu. Vyote vitatu vikiwa havimhusu, anatoka kwenda uwanjani na harudi tena. Vile vichache vizuri vilivyokuwa rafu ya chini hatavijua. Ndiyo maana katika kazi yetu kuondoa vitabu ni jukumu sawa na kuvileta. Lakini nani atathubutu kutupa zawadi ya wageni? Mfadhili aweza kurudi na kamera. Basi vitabu vinakaa, vinakusanya vumbi na unyevu wa mvua zetu, hadi msimu wa mavuno ambapo mahindi ya shule yanahitaji pa kuhifadhiwa, na panya wanafuata mahindi.

Hasara kubwa kuliko zote hutokea kwenye kikao cha bodi. Mwalimu wa Kiswahili anaomba pesa za kununua hadithi mpya, na mjumbe mmoja anauliza, kwa nia njema kabisa: si tuna vitabu elfu tatu mle ndani? Ombi limekufa. Vitabu vibovu vimevifungia mlango vitabu vizuri, na vitaendelea kuufunga kwa miaka.

Najua utakachosema. Utasema mtoto mwenye kiu ya kusoma atasoma hata gazeti lililofungiwa nyama. Ni kweli, na mtoto huyo hanihitaji mimi wala wewe. Atasoma hata tukimzuia. Maktaba ya shule hujengwa kwa ajili ya wale arubaini waliobaki darasani mwake, ambao hawajawahi kukutana na kitabu kilichowafanya wasahau njaa. Hao wanahitaji hadithi wanayoielewa, katika lugha wanayoizungumza. Vitabu vya kiada serikali imekuwa ikivipeleka shuleni moja kwa moja tangu 2018. Pengo letu ni hadithi, na hadithi za Kiswahili haziokotwi kwenye gereji za Minneapolis.

Kisha kuna gharama, ambayo watu huisahau kwa sababu neno msaada limetajwa. Kontena hulipiwa maelfu ya dola baharini, linapigiwa mahesabu na wakala wa forodha bandarini, linatozwa ada za kulala Mombasa karatasi zikichelewa, halafu linapandishwa lori kwa karibu kilomita 800 hadi Eldoret. Tafadhali fanyeni hesabu hiyo kabla ya kuimba nyimbo za shukrani. Hata wenye kazi hii walishabadilika: Book Aid International, shirika la Uingereza lililoanza mwaka 1954 likikusanya vitabu vilivyokwisha kutumika, siku hizi hutuma vitabu vipya kutoka kwa wachapishaji. Sisi bado tunaomba walichoacha.

Na wale vijana wa kujitolea? Sina ugomvi nao. Eldoret inajua ugeni mwema kuliko miji mingi. Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana katika tiba, uliozaa mpango wa afya wa AMPATH, umedumu zaidi ya miaka thelathini, na anayekuja kwa muda mfupi huikuta kazi ikiendelea na huiacha ikiendelea. Maktaba za wiki mbili hazina kazi ya kukuta. Kijana hupaka ukuta rangi, huchora twiga, hubandika namba za mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu, zenye desimali tatu, kwenye vitabu mia sita ambavyo vibandiko vya rangi tano vingevitosha, kisha huweka programu ya kuazimisha kwenye kompyuta ya shule isiyo na umeme wa uhakika. Akipanda ndege, nywila anaijua yeye peke yake. Aliyeachiwa ufunguo ni mwalimu aliyejaa vipindi kutwa nzima, kwa sababu Tume ya Huduma za Walimu (TSC) huajiri walimu, haiajiri wakutubi wa shule.

Haya, mnalotaka ni njia. Mwalimu mkuu: anza na rafu moja, vitabu mia mbili vya hadithi, rejista ya mkono, na saa za kufungua zilizobandikwa mlangoni. Vya Kiswahili vinunuliwe hapa mjini. Ni ghali, nakubali, na VAT ya asilimia 16 iliyowekwa 2013 haijasaidia, lakini vitasomwa. Hadithi za African Storybook hupakuliwa bure na kuchapishwa, tumia. Maktaba ya umma mjini ulizeni kama itawaazima kwa mkupuo. Kesses kuna Chuo Kikuu cha Moi, ambacho kimefundisha taaluma ya ukutubi tangu miaka ya 1980 na ambacho wanafunzi wake hutafuta nafasi za mafunzo ya vitendo (atachimenti) kila mwaka. Andikieni chuo, mpewe mtu anayeijua kazi. Ukiletewa masanduku, omba orodha ya vitabu kwanza, na usione haya kusema hapana.

Mgeni: njoo muhula mzima au usije, fundisha mtu mmoja wa hapa kazi yote, na ukiondoka mwachie nywila. Kujitolea ni kazi mbele ya sheria zetu. Idhini ya mtalii haitoshi, na kibali cha daraja I ndicho cha shughuli za kidini na za hisani. Shule ikuombee mapema.

Ndugu wa Minnesota, hizo dola za kusafirisha masanduku zitume zilivyo. Zitalipa posho ya msaidizi wa maktaba, msichana au mvulana aliyemaliza Kidato cha Nne kijijini na anayependa watoto, na zitabaki za kununulia hadithi.

Na bodi za shule: posho hiyo iandikwe kwenye bajeti kabla muhula wa kwanza haujaanza, kwa sababu hakuna mfadhili atakayeilipa milele. Bodi isiyoweza kuiandika haijawa tayari kwa maktaba, na isipokee sanduku hata moja.