Njia Kiliyopita Kigango

Jennifer Roberts, profesa wa historia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Harvard, huwapa wanafunzi wake zoezi ambalo wengi hulipinga mwanzoni. Kila mmoja huchagua kazi moja ya sanaa, huenda mahali ilipo, na kuitazama kwa saa tatu kabla ya kuitafiti vitabuni. Roberts amelifanya zoezi hilo mwenyewe, mbele ya picha aliyoichora John Singleton Copley mjini Boston mwaka 1765: mvulana ameketi mezani, mkononi ana mnyororo wa dhahabu uliomfunga kindi mdogo. Zilipita dakika 9 ndipo Roberts alipogundua kwamba umbo la sikio la mvulana limerudiwa katika manyoya ya tumbo la kindi. Baada ya dakika 21 aliona kuwa vidole vilivyoshika mnyororo vimeachana kwa kadiri ileile ya upana wa glasi ya maji iliyo chini yake.

Kutazama hivyo ndio msingi wa somo la historia ya sanaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujifunza kueleza mstari, rangi, mwanga, ukubwa na nyenzo zilizotumika, bila kukimbilia kusema kazi ni nzuri au mbaya.

Baada ya umbo huja safari. Copley aliisafirisha picha hiyo hadi London, ikaonyeshwa huko mwaka 1766, kwa sababu alitaka kujua mabingwa wa huko wangemhukumu vipi, kisha akasubiri majibu yavuke bahari. Kila kazi ina safari yake: nani aliiagiza, nani aliinunua, ilipita mikono ipi hadi kutundikwa ukutani. Wanafunzi wengi huiona sehemu hii kuwa ya makarani, kazi ya kupekua risiti na madaftari ya makumbusho. Kwa kweli hapa ndipo somo linapogusa maisha ya watu.

Mfano ulio wazi kuliko yote umetoka pwani ya Kenya. Wagiriama, miongoni mwa Wamijikenda, huwachongea wafu waliokuwa wanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, nguzo za mbao ngumu ziitwazo vigango, zenye nakshi za pembetatu, na kuzisimika ardhini. Kigango ni makao ya roho ya marehemu. Hakiuzwi, wala hakihamishwi hata watu wanapohama. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa.

Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa masuala ya Afrika mjini Philadelphia, msomi mwenzake Udvardy, Linda Giles, alikuwa akionyesha slaidi za vigango vilivyohifadhiwa Illinois. Udvardy akakitambua kimoja: ni kilekile cha kwenye picha yake! Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kufikia mwishoni mwa 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa Kenya.

Tazama kilichofanya kazi hapo. Picha ya kawaida, iliyopigwa kwa ajili ya utafiti wa kijijini, iligeuka ushahidi wa umiliki. Ndiyo maana vyuo vingi sasa hufundisha historia ya sanaa pamoja na utamaduni wa taswira. Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kilianzisha programu ya namna hiyo mwaka 1989. Picha za studio, matangazo, kanga na slaidi za mihadhara husomwa kwa umakini uleule anaopewa Copley. Aliyezoea kutazama michoro ya mafuta peke yake angeipita picha ya Udvardy bila kusimama kuitazama.

Na bado kazi ni nyingi. Udvardy na Giles walipofuatilia makumbusho ya Marekani, walikuta vigango vinavyokaribia 300, vingi vikiwa vimeingia kwa zawadi za wakusanyaji walionunua kwa wafanyabiashara. Vingi havina picha iliyopigwa vikiwa vimesimama kwao, wala jina la boma vilikong'olewa. Makumbusho yanapoamua kuvirudisha, huweza kuvifikisha Nairobi, lakini hakuna daftari linalotaja ukoo wa kukabidhiwa.